Dakika Tatu za Grbavica

Kila mtu anamkumbuka Agüero. Mei 13, 2012, Manchester City na QPR, muda umeisha, jezi imevuliwa inazungushwa hewani, mtangazaji amepandisha sauti mpaka inakwaruza. Hata wasee ambao mwaka huo walikuwa chekechea watakuapia kwamba waliiona ikitokea. Juzi tukiwa kwenye kibanda cha mechi mtaani, hiyo video ikapita kwenye simu ya jamaa fulani, nikauliza swali dogo tu: kabla ya Agüero, nani alifunga? Kimya. Mmoja akasema Yaya. Mwingine akaapa ni Balotelli.

Ni Edin Džeko. Dakika ya pili ya muda wa nyongeza, kona ya David Silva, kichwa, 2-2. Bila hicho kichwa goli la Agüero lingekuwa la kusawazisha tu, na ubingwa ungeenda upande ule mwingine wa Manchester. Lakini hatukumbuki goli la kabla ya goli. Ndivyo tulivyo.

Džeko alizaliwa Sarajevo, Bosnia, Machi 1986, na klabu iliyomlea inaitwa Željezničar. Niliingia kusoma historia ya hiyo klabu nikimtafuta yeye. Badala yake nikakwama kwa beki mmoja wa Hungary ambaye sikuwa nimewahi kusikia jina lake, József Csuhay, na goli alilofunga Aprili 24, 1985, karibu mwaka mzima kabla Džeko azaliwe. Nimekuwa na hilo goli kichwani wiki mbili sasa. Wacha nilitoe.

Kwanza jina. Željezničar maana yake ni mfanyakazi wa reli. Ni watu wa reli walioianzisha mwaka 1921, na sisi wa Nairobi, ambao mji wetu wenyewe ulizaliwa na reli, hatuhitaji kuelezewa sana hapo. Mashabiki wanaiita Željo. Jezi ni za buluu. Uwanja wao unaitwa Grbavica, jina la mtaa wenyewe, na si uwanja mkubwa. Uko katikati ya nyumba za watu, na mlima Trebević umeuinamia kwa juu. Ushike huo mlima, tutaurudia.

Wakati huo Bosnia haikuwa nchi yake peke yake. Ilikuwa moja ya jamhuri sita za Yugoslavia. Ligi ilikuwa na timu 18, lakini ukweli usemwe, ilikuwa ligi ya wakubwa wanne: Red Star na Partizan za Belgrade, Dinamo ya Zagreb, na Hajduk ya Split. Tangu Vita vya Pili vya Dunia viishe, klabu za Bosnia zilikuwa zimechukua ubingwa mara mbili pekee, FK Sarajevo mwaka 1967 na Željo mwaka 1972. Mara mbili katika karibu miaka 40. Wewe ambaye timu yako imekaa miaka minne bila kombe na tayari unataka kocha afukuzwe, keti chini.

Kocha wa Željo alikuwa Ivica Osim. Huyu alikuwa mtoto wa nyumbani kabisa: alizaliwa Sarajevo, akaichezea hiyo klabu ujanani, mrefu, mguu laini, mtu wa chenga, mpaka wakampa jina la utani la Strauss wa Grbavica, kama yule mtunzi wa muziki wa waltz. Akaenda kucheza Ufaransa, akarudi, na mwaka 1978 akapewa timu. Hakuwa na pesa za Belgrade. Alichokuwa nacho ni muda. Aliachwa na timu miaka minane, kitu ambacho siku hizi kinasikika kama hekaya. Akalea vijana: Mehmed Baždarević kati, Mirsad Baljić kushoto, Refik Šabanadžović, Haris Škoro, Edin Bahtić, Edin Ćurić, Nikola Nikić, Josip Čilić, na golini Dragan Škrba. Ukiwa mtu wa kule unayasoma hayo majina na unajua mara moja nani ametoka familia ya Waislamu, nani ya Waserbia, nani ya Wakroatia. Kama vile sisi tunavyosoma orodha ya timu hapa na kujua nani ametoka wapi. Mwaka 1984 hakuna aliyekuwa anaisoma timu hiyo kwa namna hiyo, ama wale waliokuwa wanaisoma hivyo walikuwa wanajificha.

Msimu wa 1983-84 Željo wakamaliza nafasi ya tatu, tiketi ya Kombe la UEFA ikapatikana. Februari ya mwaka huo huo Sarajevo ilikuwa imeandaa Olimpiki ya majira ya baridi. Fikiria mji wa watu kama nusu milioni, umetoka kuonekana na dunia nzima, barabara mpya, hoteli mpya, kifua mbele. Ndio mji ulioingia msimu wa 1984-85.

Sasa mechi. Raundi ya kwanza walienda Bulgaria kwa Sliven, wakapigwa 1-0. Nyumbani wakawachapa 5-1. Raundi ya pili, Sion ya Uswisi: 2-1 nyumbani, 1-1 ugenini. Raundi ya tatu ndiyo ninayoipenda. Universitatea Craiova ya Romania haikuwa timu ya mchezo. Miaka miwili tu kabla ilikuwa imefika nusu fainali ya kombe hilo hilo. Željo wakaenda kule wakala mbili kwa nunge. Desemba wakawaleta Craiova Sarajevo na kuwapiga 4-0. Robo fainali ikawa Dinamo Minsk, mabingwa wa Muungano wa Sovieti mwaka 1982. Wakafungwa 2-0 Sarajevo, na kwao wenyewe wakaambulia sare ya 1-1.

Nilichukua kalamu nikahesabu, kwa sababu kuna kitu kilikuwa kinanisumbua. Msimu wote huo wa Ulaya Željo hawakushinda mechi hata moja ugenini. Hata moja! Mechi tano za safari: walipoteza tatu, sare mbili, magoli matatu ya kufunga, manane ya kufungwa. Nyumbani walicheza mechi tano wakashinda zote tano, magoli 15 kwa matatu. Kwa hivyo wanaposema Željo walifika nusu fainali, mimi naona ni kama Grbavica ndiyo iliyofika nusu fainali. Timu ilikuwa inaenda kwa watu, inapigwa, inarudi nyumbani na deni, na uwanja unalipa.

Kuna timu nyingine msimu ule iliyokuwa inafanya hivyo hivyo. Ilipigwa 3-0 na Anderlecht ikageuza 6-1 nyumbani, ikapigwa 2-0 na Inter ikageuza 3-0. Real Madrid. Hizo zao zimeandikiwa vitabu, zikaitwa uchawi wa Bernabéu, na hadi leo Madrid ikiwa nyuma kwa mawili utasikia wachambuzi wanaamsha mizimu ya miaka hiyo. Partizan nao, ndugu wa Željo katika ligi moja, walilishwa 6-2 na QPR, ndio, QPR hao hao, halafu wakawageuza 4-0 Belgrade. Mwaka huo ulikuwa mwaka wa kulipa madeni.

Nusu fainali ikawa na Videoton ya Székesfehérvár, Hungary. Usiicheke kwa sababu ina jina la kiwanda cha televisheni. Walikuwa wameshinda 4-2 kwa Paris Saint-Germain, halafu wakawatoa Manchester United kwa penalti. Mashabiki wa United mlio humu, poleni, hilo nalo ni la familia yenu.

Aprili 10, Hungary: Videoton 3, Željezničar 1. Deni la kawaida, na safari hii na goli moja la ugenini mfukoni. Hesabu ilikuwa nyepesi hata kwa mtoto: 2-0 nyumbani, jumla inakuwa 3-3, goli la ugenini linakubeba, unaenda fainali na Madrid. Sheria hiyo UEFA wameifuta mwaka 2021, kwa hivyo wadogo zangu huenda mnaisikia kama hadithi ya babu, lakini zamani goli la kwa watu lilikuwa linahesabika kuliko la kwako mkiwa mmelingana.

Aprili 24, Grbavica. Goli la kwanza likaja mapema kabisa, Bahtić. La pili likaja kipindi cha pili, Ćurić. 2-0. Dakika zikaanza kukatika. Sabini. Themanini. Themanini na tano. Sarajevo nzima ilikuwa tayari fainali. Na dakika ya 87, Csuhay, beki, akafunga.

2-1. Jumla 4-3. Zilibaki kama dakika tatu na hazikutosha.

Videoton wakaenda fainali, wakapigwa 3-0 na Madrid nyumbani kwao, wakashinda 1-0 Bernabéu, haikusaidia. Madrid wakabeba kombe. Ukifungua orodha ya mabingwa, mwaka 1985 umeandikwa Real Madrid, nukta.

Kisha kuna hii, na hapa ndipo msimu unakuwa mchungu na mtamu kwa wakati mmoja. Msimu huo huo, FK Sarajevo, mahasimu wa Željo wa mji mmoja, wale wa jezi za damu ya mzee, wakachukua ubingwa wa Yugoslavia. Hebu waza wewe ni shabiki wa Željo. Aprili unapoteza fainali ya Ulaya kwa dakika tatu, halafu ligi inapoisha jirani yako wa ngazi ya juu anapita na honi ya gari akisherehekea ubingwa. Mji mmoja, mwaka mmoja, bingwa wa nchi na nusu fainali ya Ulaya. Haijawahi kutokea tena. Hakuna klabu ya Bosnia iliyofika nusu fainali ya Ulaya tangu siku ile.

Nimesoma watu wengi wakiandika kuhusu goli la Csuhay kama wanaoandika kuhusu msiba, na mwanzoni nilishindwa kuelewa. Huu ni mji ambao miaka saba baadaye ulizingirwa siku 1,425. Zaidi ya watu 10,000 walikufa. Bado mzee wa kule anaweza kukuambia moyo wake ulivunjika kwa sababu ya beki wa Hungary? Rafiki yangu mmoja, tukibishana, akaniambia huo ni utoto, mpira ni mpira na vita ni vita. Nilikaa na hilo neno. Sikubaliani nalo, na nitakuonyesha kwa nini kwa tarehe moja tu.

Aprili 5, 1992, Jumapili. Kwenye ratiba ya ligi, Željezničar wanawakaribisha Rad ya Belgrade, Grbavica. Siku hiyo hiyo maelfu ya watu wa Sarajevo walikuwa barabarani wakiandamana dhidi ya vita, wa kila dini, pamoja. Kwenye daraja la Vrbanja, si mbali na uwanja, walipigwa risasi. Wanawake wawili waliuawa pale, Suada Dilberović na Olga Sučić, mmoja Mwislamu na mwingine Mkroatia, na leo daraja hilo linaitwa kwa majina yao. Mechi ya Željo na Rad haikuchezwa. Risasi zilikuwa zinalia juu ya mtaa. Huwezi kunichorea mstari hapo unionyeshe mpira unaishia wapi na vita vinaanzia wapi. Ni Jumapili moja, mtaa mmoja, watu wanaofahamiana.

Vikosi vya Waserbia wa Bosnia vikauchukua mtaa wa Grbavica, na mstari wa mapigano ukapita hapo hapo. Ule uwanja ulioshinda mechi zote tano ukawa katikati ya bunduki za pande mbili. Majukwaa yakachomwa. Mabomu ya kufukiwa ardhini yakategwa. Ule mlima Trebević niliokuambia uushike, kule juu kulikuwa na njia ya mbio za sleji ya Olimpiki ya 1984. Ikageuzwa kituo cha mizinga ya kuupiga mji.

Kwa hivyo kuna maneno mawili ambayo nikiyasikia sasa nakereka. La kwanza ni lile la mashabiki: laiti Csuhay angekosa. Kana kwamba fainali na Madrid ingeokoa kitu. FK Sarajevo walishinda kombe lao mwaka ule ule, kombe halisi, la fedha, liko kabatini, na vita vikaja vilevile. Kombe halizuii mzinga. La pili ni la wale wasiofuatilia mpira kabisa, utawasikia kwenye makala za runinga: watu wale walikuwa wanachukiana tangu enzi. Tangu enzi gani? Aprili 1985 walikuwa wamebanana kwenye jukwaa moja, wakimpigia kelele refa mmoja. Chuki ile ilitengenezwa. Ilikuwa na wanasiasa wake, magazeti yake, bajeti yake, na kazi yote ilifanyika ndani ya miaka michache. Mtu anayekuambia ilikuwepo tangu zamani anawaondolea lawama walioitengeneza. Mimi nilikuwa mdogo sana mwanzoni mwa 2008, lakini nimekulia kwenye mtaa ambao watu wazima wakifika kwenye hiyo miezi wanapunguza sauti, kwa hivyo hilo neno la "tangu zamani" nalijua likivaa nguo nyingine.

Nadhani ndiyo maana lile goli bado linauma. Si kwa sababu ya Madrid. Dakika ya 86 ndiyo mara ya mwisho mji wote ulikuwa unataka kitu kimoja, na wanaijua saa kamili.

Kile kikosi kilitawanyika hata kabla ya vita, kwa njia ya kawaida ya soka, pesa. Baždarević akaenda Sochaux, Ufaransa. Škoro akafika Torino. Baljić, cha kuchekesha, akaishia Sion, wale wale waliowatoa raundi ya pili. Šabanadžović akaenda Red Star na kuwa bingwa wa Ulaya mwaka 1991. Osim mwenyewe akapewa Yugoslavia. Italia 90 akaifikisha robo fainali, dhidi ya Argentina ya Maradona. Dakika ya 31 akapoteza mchezaji kwa kadi nyekundu, na mchezaji mwenyewe ni nani? Šabanadžović, kijana wake wa Željo. Wakacheza kumi mpaka muda wa ziada ukaisha na kutolewa kwa penalti. Mzee huyu alikuwa na mkataba na bahati mbaya, hakuna maelezo mengine.

Mei 1992 alikuwa Belgrade, kocha wa timu ya taifa na wa Partizan kwa pamoja. Mke wake na binti yake walikuwa Sarajevo, ndani ya mzingiro. Timu ya taifa ilikuwa imefuzu Euro 92. Akaitisha waandishi, akajiuzulu huku machozi yakimtoka, akasema hicho ndicho kitu pekee anachoweza kuufanyia mji wake. Siku chache baadaye Yugoslavia ikafungiwa, Denmark wakaitwa kuchukua nafasi, wakaenda wakashinda kombe lenyewe. Stori ya Denmark mnaijua wote, kwamba walitolewa likizo wakawa mabingwa. Ya Osim, goli la kabla ya goli, haimo kwenye hizo video. Alifariki Mei 1, 2022.

Machi 1996 mtaa wa Grbavica ukarudishwa kwa Sarajevo. Mabomu yakatolewa kwenye nyasi. Mwaka huo huo Željo wakarudi kwenye uwanja wao, na wageni wao wa kwanza walikuwa FK Sarajevo, wale jirani wa damu ya mzee.

Na mwaka huo, mtoto wa miaka 10 akajiunga na timu za vijana za Željo. Alikuwa ameimaliza vita yote mjini humo humo. Amesimulia kwamba siku moja mama yake alimkataza kutoka kwenda kucheza, na kombora likaangukia pale uwanjani walipokuwa wenzake. Akakua mrefu, mzito kidogo, wakamchezesha kiungo, na mashabiki wengine wakamwita gogo. Mwaka 2005 klabu ikamuuza kwa Teplice ya Jamhuri ya Czech kwa yuro 25,000, na inasimuliwa kwamba viongozi walisherehekea kama walioshinda bahati nasibu.

Miaka saba baadaye, Manchester, kona inapigwa, dakika ya 92, na lile gogo linaruka.